Mnyoo wa milimita moja anavyotusaidia kutafuta dawa inayochagua

Ukipita kwa wakulima wa nyanya huku Tabora ukang'oa mche uliodumaa, mara nyingi unakuta mizizi imejaa vinundu, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, na kwenye tumbaku ni hivohivo. Mkulima akiniuliza apige dawa gani huwa nasita. Dawa nyingi za zamani, kabofurani kwa mfano, zinaua kwa kuzuia kimeng'enya kinachovunja kemikali ya kuamrisha misuli, na kimeng'enya hichohicho mimi na wewe tunacho, ndege anacho, samaki anacho. Kwahiyo haichagui, yaani haiui minyoo peke yake, na huyo anayeipiga mara nyingi hana hata glavu.

Kutafuta inayochagua tunaanza na C. elegans, mnyoo wa udongoni asiyedhuru mtu wala mmea, urefu milimita moja hivi, anakula bakteria kwenye kisahani na kutoka yai mpaka kutaga ni kama siku tatu tu. Mwili wake unapitisha mwanga, yaani kwenye hadubini unaona kila kitu. Ukimwekea levamisole, ile dawa ya minyoo ya mifugo, anakakamaa na kufupika kabisa, misuli imebana haiachii. Ukimwekea ivermectin analegea, na koo lililokuwa linapwitapwita kuvuta chakula linasimama.

Sasa utamu uko hapa: unavuruga vinasaba vyao kwa kemikali, unazalisha maelfu kwa maelfu, unawawekea dawa, wale watakaoendelea kutambaa unawasoma vinasaba uone kipi kimebadilika, na mara nyingi hapohapo ndo dawa inapofanyia kazi. Inawezekana kwasababu vinasaba vyake vilisomwa tangu 1998, wa kwanza kati ya wanyama.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzao walitangaza kemikali walizoziita selectivin, na mimi zilinifurahisha sana, maana zikiingia ndani ya mnyoo vimeng'enya vyake mwenyewe ndo vinazigeuza kuwa sumu. Kemikali kama hiyo ikifaulu kwa C. elegans bado lazima ijaribiwe kwa minyoo fundo wenyewe, kisha kwa samaki na viumbe wengine, na hapo ndipo nyingi zinaanguka, acha zianguke mapema.

Kwa sasa ukishavuna usiache mizizi yenye vinundu ioze shambani, ing'oe yote uichome, mayai yako humohumo.