Mabano yanayosahaulika kwenye orWhere ya Laravel

Nikikagua msimbo wa Laravel, mfumo wa PHP wa kutengenezea tovuti, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni orWhere, amri inayoongeza sharti la "au" unapotafuta data. Kila mfumo wenye sehemu ya kutafutia huihitaji, lakini ikiandikwa bila mabano inaweza kumwonyesha mteja mmoja data ya mwingine, na hutaona kosa lolote kwenye skrini.

Tuseme mwenye duka anataka oda zake zilizolipwa au zilizofika:

```php
$duka->oda()
    ->where('imelipwa', true)
    ->orWhere('imefika', true)
    ->get();
```

Ukiisoma haraka, huoni tatizo. SQL (lugha ya hifadhidata) inayotoka, nikiifupisha, ni hii:

```sql
where duka_id = 7 and imelipwa = 1 or imefika = 1
```

Katika SQL, AND hutangulia OR. Kwa hiyo hifadhidata inaelewa hivi: leta oda za duka namba 7 zilizolipwa, au oda yoyote iliyofika, iwe ya duka lolote lile. Sharti la duka_id halina tena nguvu juu ya upande wa pili.

Dawa yake ni kuweka masharti mbadala ndani ya fanksheni:

```php
$duka->oda()
    ->where(fn ($q) => $q
        ->where('imelipwa', true)
        ->orWhere('imefika', true))
    ->get();
```

Laravel huyazungushia mabano yote yaliyomo ndani ya fanksheni hiyo, na duka_id hubaki nje ikiyabana yote mawili.

Kinachowachanganya wengi ni SoftDeletes, njia ya Laravel ya kuficha rekodi zilizofutwa bila kuziondoa kabisa. Rekodi zilizofutwa hazivuji kwa njia hii, kwa kuwa Eloquent, sehemu ya Laravel inayoshughulika na hifadhidata, yenyewe hufunga masharti yenye OR kwenye mabano kabla ya kuongeza deleted_at is null, yaani sharti la kuleta zile ambazo hazijafutwa tu. Mtu akiona hivyo hudhani uhusiano kama oda(), unaounganisha duka na oda zake, nao unalindwa. Haulindwi.

Ukitafuta neno moja kwenye safu kadhaa, mfano jina na simu, tumia whereAny, iliyoingia katika Laravel 10. Hiyo hujiwekea mabano.

Kwenye majaribio, tengeneza maduka mawili, na duka la pili lipe oda iliyofika ambayo haijalipwa. Jaribio lenye duka moja litapita hata kama kwiri (ombi la data) inavuja. Ukiwa bado na shaka, weka toRawSql(), inayokupa SQL yenyewe, mahali pa get() uone mabano yamekaa wapi.