Virai vihusishi vya Kiingereza: dhana potofu zinazoharibu sentensi

Anayejifunza Kiingereza hupewa mapema orodha tatu za kukariri: vihusishi, vielezi na viunganishi. Orodha hizo humfaa kwenye maswali ya kuchagua jibu, lakini humwangusha kwenye insha. Maneno mengi ya Kiingereza huwezi kuyapa aina mpaka uone yamekaa wapi katika sentensi na yamefuatwa na nini.

Dhana: “before”, “after”, “since” na “until” ni vihusishi, basi.

Tazama kinachokuja baada ya neno. Katika “before the exam” inafuata nomino, kwa hiyo “before” ni kihusishi. Katika “before the exam started” kuna kiima na kitenzi chake, na “before” imekuwa kiunganishi kinachofungua kishazi. Katika “I have seen her before” haifuati kitu. Hapo ni kielezi. Hata wataalamu hawakubaliani kuhusu mgawanyo huu. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, aliupinga mwaka 1924, na Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 2002, wakaiita “before” kihusishi mahali pote patatu. Mtihani wa shule bado unafuata mgawanyo wa zamani, kwa hiyo usiwataje mbele ya msahihishaji.

Shida ni kwamba si kila neno lina uhuru huo, na hapa ndipo insha nyingi zinapovuja alama. “During”, “despite” na “because of” hutaka nomino. “While”, “although” na “because” hutaka kishazi. Msemaji wa Kiswahili anaujua mpaka huu bila kufundishwa: husema *kwa sababu ya mvua* lakini *kwa sababu mvua ilinyesha*, *wakati wa mkutano* lakini *wakati tulipokuwa mkutanoni*. Sisi tunaongeza au kuondoa *ya* na *wa*, neno kuu linabaki. Kiingereza mara nyingi hubadilisha neno zima, ndiyo maana tunapata “during we were eating” badala ya “while we were eating”. “Because of it rained” nayo irekebishwe kwa kuondoa “of” au kwa kuweka nomino: “because it rained”, “because of the rain”.

“Despite of” haipo kabisa. Ni “despite the rain” au “in spite of the rain”. Ukiwa umeshaandika “despite” na una kishazi mkononi, weka “the fact that” katikati: “despite the fact that it rained”. Njia fupi zaidi ni kitenzi chenye -ing: “despite arriving late”, “after eating”, “before leaving”. Ila njia hiyo ina mtego wake. Mtendaji wa -ing huchukuliwa kuwa ndiye kiima cha sentensi kuu. Ukiandika “After eating, the plates were washed”, umesema sahani ndizo zilizokula. Andika “After eating, we washed the plates”.

Dhana: “although” huandamana na “but”.

*Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja* haimshtui msikilizaji wa Kiswahili. Kwa Kiingereza, vishazi viwili vinatosheka na kiunganishi kimoja: “Although he was sick, he came” au “He was sick, but he came”. Ukiona sentensi ya kwanza imepwaya, ongeza kielezi: “Although he was sick, he still came”. “However” pia ni kielezi. Haiunganishi sentensi mbili kwa mkato tu; kabla yake weka nukta au nukta-mkato.

Dhana: vihusishi viwili havifuatani.

Vinafuatana kila siku: “from under the bed”, “until after lunch”, “from behind the shop”. Kihusishi cha kwanza hubeba kirai kihusishi kizima cha pili, yaani kihusishi cha pili pamoja na nomino yake.

Kabla ya kirai unaweza pia kuweka kielezi au kipimo: “right behind the door”, “straight into the river”, “shortly after midnight”, “two hours before sunset”. Mahali kama hapa “very” haikai. “Very behind the door” haisemwi. Hapohapo jihadhari na *baada ya siku mbili*. Ukiahidi leo kwamba utarudi, Kiingereza sanifu ni “I will be back in two days”. Ukisimulia yaliyopita, ni “two days later”. “I will come after two days” husikika sana Afrika Mashariki na tunaelewana vizuri, lakini msahihishaji wa mtihani wa kimataifa anaweza kuikata.

Dhana: kila kwenda kunataka “to”, na kila siku inataka “on”.

“Home”, “here”, “there”, “abroad” na “upstairs” zinaweza kusimama kama vielezi, tayari zimebeba maana ya mahali. Sema “go home”, “go abroad”. “Home” ikipata mwenyewe, kama katika “to my uncle's home”, inarudi kuwa nomino na “to” inarudi nayo. Vivyo hivyo ni “on Monday” lakini “last Monday”, na “in the morning” lakini “this morning”. “Last”, “next”, “this” na “every” hufukuza kihusishi cha wakati.

Dhana: kirai kihusishi hukaa popote kielezi kinapokaa.

“She often visits us” ni sawa. “She on Sundays visits us” haikai vizuri, kwa sababu nafasi kati ya kiima na kitenzi ni ya vielezi vifupi. Peleka kirai mwisho au mwanzo: “On Sundays she visits us”. Mwishoni, mpangilio wa kawaida ni namna, mahali, wakati: “She sang beautifully at the wedding yesterday”. Vitenzi vya mwendo hupenda mahali kwanza: “He walked to the gate slowly”.

Kirai chenye ukanushi kikitangulia, kitenzi kisaidizi hupanda mbele ya kiima: “At no time did he apologise”. “Only after” nayo hufanya hivyo, lakini ugeuzaji hutokea kwenye kishazi kikuu: “Only after the bell rang did they leave”, si “Only after did the bell ring they left”. “In no time” ina “no” lakini maana yake ni *mara moja*, kwa hiyo haigeuzi kitu: “In no time he was back”.

Dhana: sentensi haiishii na kihusishi.

John Dryden aliilalamikia tabia hiyo mwaka 1672, na watu wakaigeuza kuwa sheria. “The house I live in” ni Kiingereza safi.

Dhana: ukiunganisha virai, “and” inamaliza kazi.

Kihusishi kikitofautiana, vyote viwili lazima vionekane: “interested in and worried about the results”. Ukitumia “both”, pande zake zilingane: “both in Nairobi and in Kisumu”, au “in both Nairobi and Kisumu”. “Between” huenda na “and”, “from” na “to”. “Between 8 to 10” ni mchanganyiko wa hizo mbili. Na “together with” haihesabiki kama “and”: “The headteacher, together with the pupils, has left”, hata wanafunzi wakiwa mia tano.