Saa 24 za Le Mans si za dereva mmoja

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Mikindani, baadhi ya mashabiki wanaosubiri mbio za magari za Le Mans, Ufaransa, za mwezi Juni wanaamini kwamba dereva mmoja hukesha kwenye usukani saa zote 24. Sivyo. Kwa kawaida kila gari lina madereva watatu wanaopokezana, kama wafanyavyo wa mabasi yetu ya Dar es Salaam, na kanuni hazimruhusu yeyote kuzidisha saa 4 ndani ya saa 6, wala saa 14 kwa jumla. Dhana hiyo, hata hivyo, ina chimbuko: mwaka 1952 Mfaransa Pierre Levegh aliendesha peke yake takribani saa 23, akiongoza, kabla gari halijamharibikia karibu na mwisho.