Umethilishaji wa DNA una nafasi gani katika kifafa?

Umethilishaji ni kubandikwa kwa kundi la methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, juu ya herufi C ya DNA, hasa pale C inapofuatwa na G. Herufi zenyewe hazibadiliki, kwa hiyo si badiliko la maandishi ya jeni kama watu wengi wanavyodhani wakisikia neno DNA. Kinachobadilika ni usomaji: alama hizo zikirundikana mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hunyamaza na protini yake hupungua.

Wabandikaji ni vimeng'enya vya DNMT. DNMT1 hunakili alama za zamani seli inapogawanyika. DNMT3A na DNMT3B huweka mpya.

Tuchukue kifafa kinachoanzia kwenye hipokampasi, ndani ya ubongo usawa wa panja. Protini iitwayo rilini ndiyo inayozishika seli za granyuli, yaani seli ndogo za neva za hapo, zikae kwenye safu iliyobanana. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walipima tishu zilizotolewa kwa upasuaji kwa wagonjwa wa kifafa hiki. Mwanzo wa jeni ya rilini ulikuwa umejaa methili kuliko kawaida, na alama zilikuwa nyingi zaidi pale seli zilipotawanyika.

Je, alama ndizo zinazoleta kifafa au kifafa ndicho kinachoziacha? Jibu zuri zaidi limetoka kwa panya. DNMT hupata methili kutoka kwenye molekuli ya SAM. Ikishatoa methili, SAM huwa SAH, nayo SAH huvunjika kuwa homosisteini na adenosini. Adenosini ikijaa, SAH haivunjiki, na SAH iliyobaki humzuia DNMT. Sasa, katika ubongo wenye kifafa, astrosaiti, yaani seli zinazohudumia neva, huongeza kimeng'enya cha adenosini kinasi kinachoiondoa adenosini. Breki imetoka, ubandikaji unaendelea. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliweka vipandikizi vya hariri vinavyotoa adenosini kwa takriban siku 10 kwenye ubongo wa panya wenye kifafa: methili ilipungua, na ugonjwa haukusonga mbele kwa angalau miezi 3, ingawa adenosini yenyewe ilishakwisha zamani.

Kipimo kina mitego yake. Baisulfaiti, dawa ya maabara inayotumika kupima methili, hugeuza C isiyo na methili iwe U, ambayo mashine husoma kama T. Yenye methili hubaki C. Dawa isipofanya kazi sawasawa, C tupu huhesabiwa kuwa ina methili. Tena baisulfaiti haitofautishi methili na hidroksimethili, yaani methili iliyoongezewa oksijeni, ambayo imejaa kwenye neva. Mtego mkubwa, kwa maoni yetu, ni mchanganyiko wa seli: hipokampasi yenye kovu imepoteza neva na kujaza astrosaiti, kwa hiyo tofauti inayoonekana huenda ni ya idadi ya seli tu. Kupima damu badala ya ubongo nako hakusaidii sana, maana kila aina ya seli ina alama zake.