Anayeketi Mahakama ya Watoto si jaji wa kuteuliwa na Rais

Wengi Tanzania hudhani kesi ya mtoto husikilizwa na jaji maalumu aliyeteuliwa na Rais. Sivyo. Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu, akishauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mahakama ya Watoto huongozwa na hakimu mkazi, naye huajiriwa na Tume hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 97, inataka hakimu mkazi apangiwe kazi hiyo. Jaji Mkuu hutangaza majengo yatakayotumika. Kwa hiyo hakimu wa kesi za wizi anaweza kupangiwa shauri la matunzo ya mtoto. Ndiyo maana, naona, afisa ustawi wa jamii hutakiwa awepo.