Presha ya mimba hailetwi na mama mkwe

Hapa Moshi mjamzito akipanda presha tu utasikia ana mawazo, mume anamsumbua, ama mama mkwe kule Kibosho kamkasirisha, na akifika kwenye kifafa cha mimba ndo kabisa wanasema mashetani. Nimeyasikia tangu niko mdogo na sio kweli.

Shida inaanzia sana sana kwenye kondo la nyuma. Kawaida mimba ikiwa changa mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi inatanuka ili kondo lipate damu ya kutosha, sasa kwa baadhi ya wamama haitanuki vizuri, kondo linakosa hewa, na hapo jeni zinaanza kuwashwa na kuzimwa tofauti na kawaida (jeni ni maelekezo ya mwili ya kutengeneza protini, sio lazima iwe imeharibika, ni kama swichi yake tu imewashwa au kuzimwa). Mojawapo inaitwa FLT1, ikiwashwa kupita kiasi kondo linamwaga protini nyingi kwenye damu ya mama, protini hiyo inanasa vitu vinavyolinda mishipa, basi mishipa inabana, presha inapanda, figo nazo zinavujisha protini kwenye mkojo. Ndo maana kliniki wanakusumbua na kakopo ka mkojo.

Na ndo maana tiba yenyewe ni kuzaa, kondo litoke, ingawa wengine inawapata hata wakishajifungua. Presha ikisoma 140/90 au zaidi baada ya wiki 20, au kichwa kinagonga na unaona maruweruwe, wahi hospitali siku hiyo hiyo, ugomvi wa nyumbani mtasuluhisha baadae.