Sarafu chini ya kikombe: tunavyoikosea funksheni ya wimbi

Jioni moja barazani Mji wa Kale, Mombasa, kahawa chungu ishamiminwa, ami yangu alitoa sarafu ya shilingi 20, akaizungusha sakafuni, akaifunika kwa kikombe kitupu kabla haijatulia. "Haya maalim, ndovu au ngao?" Nikamwambia sijui. "Basi hiyo ndiyo kwanta yenu, fizikia yenu ya vitu vidogo kama elektroni. Sarafu ishalala upande wake. Nyinyi hamjui tu, na huko kutojua kwenu mkakuandikia hesabu."

Ami ni fundi wa injini za boti, hapendi kulishwa maneno. Alichosema si upuuzi. Ndilo kosa wanalolifanya watu makini, kwa hiyo ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Tuanze na kinachobishaniwa. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alitoa mlinganyo unaoeleza jinsi kitu kinachoitwa funksheni ya wimbi kinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda. Huandikwa kwa herufi ya Kigiriki, psai. Mwaka huohuo Max Born akaonyesha namna ya kuitumia: chukua ukubwa wa psai mahali fulani, uzidishe kwa wenyewe, utapata uwezekano wa kuikuta chembe hapo. Kanuni hiyo ilimpatia Nobel mwaka 1954, na maabara zinaitumia kila siku. Ugomvi uko kwenye swali jingine: psai yenyewe ni nini?

"Ni kutojua kwetu tu, kama sarafu iliyofunikwa"

Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu hufanya jaribio la beseni la mawimbi. Vijiti viwili vinagonga maji kwa pamoja, mawimbi yanakutana. Mimi hudondosha kipande kidogo cha kizibo pale ambapo kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine. Kizibo kinatulia tuli. Kisha nainua kijiti kimoja. Kizibo kinaanza kucheza! Tumepunguza chanzo kimoja cha mawimbi, na mahali palipokuwa pametulia pakachafuka.

Sasa weka elektroni badala ya maji, na nyufa mbili badala ya vijiti. Tuseme ufa wa kwanza ukiwa wazi peke yake, sehemu moja ya kioo cha kuzipokea, kilicho nyuma ya nyufa, inapokea elektroni 100 kwa saa. Ufa wa pili peke yake, 100 vilevile. Ingekuwa ni mambo ya sarafu ya Ami, kila elektroni ishapita ufa wake na sisi hatujui upi, basi zote mbili zikiwa wazi tungehesabu 200. Hesabu ya psai inasema vingine. Kila ufa unachangia 10, na 10 mara 10 ndiyo ile 100. Michango ikiwa upande mmoja, 10 na 10 ni 20, ukizidisha kwa yenyewe ni 400. Ikipingana, 10 kutoa 10 ni sifuri. Kuna sehemu ambazo elektroni zilikuwa zikifika kupitia ufa mmoja, lakini ukifungua wa pili haifiki hata moja.

Kutojua hakuwezi kufuta kitu namna hiyo. Nisipojua kama mgeni wangu atapitia Likoni au Nyali, kutojua kwangu hakumzuii kufika Makadara.

Na tusiseme elektroni zinagongana njiani. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake nchini Japani walizituma polepole kiasi kwamba mara chache sana zingekuwemo mbili ndani ya mtambo kwa wakati mmoja. Badala ya nyufa walitumia uzi mwembamba wenye chaji, unaopasua njia kuwa mbili. Mwanzoni walipata nukta zilizotawanyika ovyo. Zilipofika makumi ya maelfu, mistari ikajichora: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi.

"Basi elektroni imetandaa kama maji ya Nyali"

Hapana. Kila elektroni iligonga kioo kwa nukta moja, nzima. Schrödinger mwenyewe awali alitamani psai iwe chaji iliyotandazwa, ila hesabu ilimgomea. Wimbi la bahari liko mahali: unasimama Mama Ngina unaliona likija. Psai ya elektroni mbili za heliamu inahitaji namba 6 ili kutaja nukta moja tu, tatu za kila elektroni. Za litiamu, ambayo ina elektroni tatu, ni 9. Hakuna bahari ya namna hiyo. Isitoshe, thamani zake ni namba changamano, yaani zenye sehemu inayotokana na mzizi wa hasi moja, ambazo hakuna rula inayozipima moja kwa moja.

"Jicho la mtu ndilo linaloumba uhalisia"

Hili linaniuma, kwa sababu nimesikia likiuzwa kwa vijana ukumbini kama siri ya mafanikio: waza utajiri, ulimwengu utakutii. Kilichopimwa ni hiki. Mwaka 2004 huko Vienna, watafiti walipitisha molekuli za kaboni zenye atomu 70 kwenye mtambo wa aina hii, wakizipasha moto kwa leza. Kadiri zilivyozidi kuwa moto ndivyo zilivyotoa mwanga wa joto, na mwanga huo ukabeba habari za njia zilikopita. Mistari ikafifia, kisha ikapotea. Hakuna aliyehitaji kuutazama mwanga huo. Kupima, katika fizikia, ni kitu kuacha alama kwenye kitu kingine.

Yule paka wa kufikirika wa Schrödinger, aliyefungiwa sandukuni na ambaye kwa hesabu ya psai angekuwa hai na mfu kwa pamoja mpaka atazamwe, naye asitumiwe vibaya. Mfano huo wa mwaka 1935 ulikuwa wa kupinga: mkiendelea hivi, alisema, mtafika kwenye kichekesho hiki.

"Wenyewe hawajakubaliana, kwa hiyo kila mtu na lake"

Hawajakubaliana, kweli. Niels Bohr aliiona hesabu hii kama chombo cha kutabiri matokeo ya vipimo. David Bohm, mwaka 1952, alisema chembe ina mahali pake muda wote, na psai ni kitu halisi kinachoiongoza. Hugh Everett, mwaka 1957, alisema psai haiporomoki kamwe, yaani haibaki na tokeo moja tu baada ya kipimo: matokeo yote hutokea, kila moja kwenye tawi lake. Lakini milango mingine imefungwa. John Bell alithibitisha mwaka 1964 kwamba sarafu zenye pande zilizokwisha pangwa, zisizoguswa na linalofanyika mbali, haziwezi kutoa matokeo yote ya kwanta. Vipimo vilivyofuata viliunga mkono kwanta, na Clauser, Aspect na Zeilinger wakapewa Nobel ya mwaka 2022.

Ami aliponisikiliza mpaka hapo alikinyanyua kikombe. Ngao. "Kwa hiyo sarafu yangu nimenyang'anywa?" Nikamwambia kwa Bohm anaweza kubaki nayo, ila akubali kwamba kikombe nacho kinaisukuma sarafu, na kwamba msukumo huo unaweza kutegemea linalofanyika Lamu muda huohuo.

"Na wewe uko wapi?"

Niko na wanaosema psai ni kitu halisi. Zile 0 na 400 ndizo zilizonifikisha huko. Akauliza kitu gani hicho halisi kinachotaka namba 6 kujua kilipo, na kahawa ya pili ikamiminwa.